Injini Isiyopumua

Ilifia Kibarani, kabla ya mlima wa Changamwe,
na tangi la maji lita elfu mgongoni.
Ikapiga kelele moja, kama sufuria iliyoponyoka,
kisha kimya.
Watu wa Mikindani wakanipigia simu hadi usiku:
Mwanasiti, maji vipi? Madumu yamepanga foleni.
Maji yapo, nikasema. Miguu ndiyo haipo.

Fundi Chirume akafungua chini, akatoa vidole vyeusi
vinavyometa unga wa chuma kama wanja wa bibi harusi.
"Beringi zimeliwa. Hii si ya kutibu, dada.
Hii ni ya kuzika."

Jomvu, injini kumi na mbili zimekalia matairi,
zimeoshwa kwa petroli, zimepakwa rangi ya fedha.
Chirume akanivuta ukingo wa buibui:
"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hizi zimetembezwa sana."

Shimanzi, Bwana Awadh akaapa kwa mamake:
ya Japani, haijaguswa, laki moja na arubaini.
Nikaikwaruza kwa ufunguo.
Chini ya rangi, rangi nyingine.
Chini ya hiyo, kutu.
Akasema kutu ni ya safari.

Siku ya nne, Miritini, nyuma ya bohari,
kijana Ngowa aliiweka yake juu ya mchanga,
akaifunga betri kwa nyaya,
mpira wa dizeli akautia ndani ya dumu la mafuta ya kupikia.
Ikakohoa mara mbili, ikashika, mchanga ukatetemeka.
Chirume akafungua kifuniko cha oili,
akakilaza kichwa chini juu ya tundu.
"Kitazame. Kikicheza, inapumua.
Injini inayopumua ni mgonjwa."

Nikakitazama.
Nikamwona baba, wadi ya Makadara,
na mimi nimeshika kioo cha mkoba mbele ya mdomo wake,
naomba kipate ukungu,
ukungu kidogo tu.
Hii pikapu aliinunua yeye. Ile injini aliisikiliza yeye
miaka kumi na minane, kichwa kimeinama, redio kaizima.
Na hapa naomba pumzi isiwepo.

Kifuniko kilitulia kama sarafu mezani.

"Laki na ishirini," Ngowa akasema.
"Laki, na pampu iwe juu yake."
"Mama, unataka nilale njaa?"
"Lala. Mimi sijalala wiki nzima."
Tukakutana kwenye laki na nane.
Na dhamana? Siku saba, akasema,
ila ukifika getini zimebaki sita.

Ubavuni ina kibandiko cha maandishi kama vijumba vijumba.
Chirume anasema ni tarehe ya kubadili oili.
Mimi nasema ni jina la mtu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ya baba ilikwenda kwa mnunua vyuma,
kilo mia moja sabini na nane, pesa taslimu.
Kabla ya mizani niling'oa kifuniko chake.
Kimeingia kwenye hii ya mgeni,
ila sharti ukikaze kidogo zaidi.

Leo alfajiri nimepanda Changamwe kwa gia ya pili, tangi limejaa.
Kileleni nikaegesha, sikuzima.
Nikafungua boneti.
Nikakilaza kichwa chini juu ya tundu,
nikainama.