Herufi Saba

Geti la kanisa letu kule Mikindani
nililichomelea mimi,
wiki tatu, jioni baada ya kazi,
bila kudai hata nauli.
Nondo nilizipanga kwa kamba, si kwa macho,
bawaba nikazipa grisi,
praima mikono miwili, rangi nyeusi juu yake,
kwa maana naijua chumvi ya huku:
haibishi hodi, haina haraka,
hula hata kijiko kilichosahauliwa dirishani.

Siku ya kuliweka wakfu, katibu alisoma shukrani.
Aliwashukuru waliotoa saruji.
Aliwashukuru akina mama kwa pilau,
na mwenye hema, na mwenye vipaza sauti.
Kisha akasema, "na mafundi,"
akaikunja karatasi.

Na mafundi.
Maneno mawili. Niliyala pamoja na pilau,
yakanikwama kooni wiki nzima.
Mke wangu Mkamburi aliniuliza, "Kwani ulimjengea katibu?"
Nikamwambia apunguze chumvi kwenye mchuzi.

Jumamosi usiku, stima iliporudi,
nilibeba mashine, nikapiga magoti pale getini
(nimepiga magoti mara nyingi nikiomba,
lakini sijawahi kutulia namna ile),
nikachomelea chini kabisa, pembeni,
mahali pa kuonwa na mtoto anayetambaa:
MWADIME.
Herufi saba, ndogo kama punje za mbaazi.
Nikapitisha rangi juu juu, bila praima.
Nilikuwa na haraka. Mwizi huwa na haraka.

Kesho yake nilihudumu kama kawaida.
Nilisimama mlangoni, nikawapokea wageni kwa mikono miwili,
nikatoa ushuhuda juu ya unyenyekevu.
Watu walisema amina.
Macho yangu yalikuwa getini.

Masika yakaja, yakaenda.
Asubuhi moja Chengo, anayetuletea maji kwa mkokoteni,
aliinama kufunga kamba ya kiatu, akasema,
"Fundi, geti lenu laanza kuliwa. Hapa chini tu.
Kwengine kote zima kama jana."
Hakujua kusoma, au alijua akanistahi;
sijamuuliza mpaka leo.

Nikainama.
Kutu ilikuwa imeanzia kwenye M,
ikafuata kila mkunjo wa jina langu kwa uaminifu,
kama mwanafunzi anayenakili ubaoni,
na kutoka kwenye E ya mwisho ulichuruzika
mstari mwekundu hadi kwenye saruji.

Mimi nilidhani adui wa moyo hupanda ukuta.
Nilimwekea kufuli, komeo, vipande vya chupa:
silewi, sigombani, sadaka yangu haichelewi.
Kumbe alipita pale nilipomfungulia mwenyewe,
usiku, kwa cheche,
nikiwa nimepiga magoti.

Nilitumia grenda, kisha msasa, kisha kidole.
Praima mikono miwili. Nikaisubiri ikauke inavyotakiwa.
Sasa hapaonekani kitu,
ila ukipitisha kiganja utahisi bonde dogo,
nami hupitisha changu kila Jumapili.

Na niseme ukweli wote:
siku ile nilipomaliza kulifuta
nilitazama barabara, juu na chini,
nione kama yupo aliyeniona nikilifuta.

Bwana, chumvi ya Mombasa haiishi.
Nipe msasa wa kesho.