Cha Kuazima

Nilivikuta Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
kwa Bi Mwanasiti, muuza karanga,
viwili ndani ya boksi la sabuni.
Kimoja kilikwisha anza kuchanwa:
kurasa saba za mwanzo
ziliondoka jana na karanga.

"Hiki cha Kiarabu sikigusi," akasema,
"naogopa jina la Mungu kukanyagwa.
Cha Kizungu nipe elfu mbili."
Nikampa tatu kwa vyote. Hakuuliza zaidi.

Usiku nikavipitishia brashi ya kunyolea.
Cha Kizungu hakikuwa cha Kizungu:
Kibondei, sala za asubuhi, chapa ya misheni.
Cha Kiarabu hakikuwa cha Kiarabu:
Kiswahili kitupu, beti za mawaidha,
kalamu ya mwanzi, wino wa masizi,
na mchwa wamekula kina cha mwisho kila ubeti
kama waliotumwa.

Pambizoni mwa beti, kwa herufi za shule:
"Nimeazima kwa Mwalimu Mbwana Shekue.
Nikimaliza kunakili nitarudisha.
Mimi shemasi Semng'indo."

Na nyuma ya sala, kutoka kulia kwenda kushoto:
"Nimeshika hiki rehani
mpaka changu kirudi."

Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa mizigo, stesheni.
Mzigo wa watu nikiuona silali.
Kipi kilirudi?
Na kilipofika, kwa nini cha pili hakikuondoka?

Mjukuu wa Semng'indo nilimpata Chumbageni,
anatengeneza mafriji.
"Babu alikuwa na vitabu?"
Akajifuta mikono, haikufutika,
akaweka dole gumba juu ya mwandiko,
akausoma mara tatu, midomo ikicheza.
Kisha akacheka: "Alikopa, mzee! Tena kwa shehe!"

Vitabu vyangu vingine, mia nne na kitu,
katika chumba ambacho mke wangu hukiita makaburini,
hagusi mtu bila kunawa.
Nimewahi kumfukuza mpwa wangu kwa tone la chai.

Doa la oili liko pale, kando ya jina la shemasi,
mistari ya kidole inahesabika.
Sijalifuta.

"Kaa navyo," aliniambia, kichwa kimesharudi kwenye kompresa,
"ila andika kwamba umeazima."

Nimeandika, kwa penseli, chini yao wote wawili.
Penye tarehe ya kurudisha
penseli ilisimama, nikaiweka chini,
nikaenda kuzima taa.