Jiwe Juu ya Kifuniko

Tangi lilitoka hoteli ya Mtaliano aliyefunga akaenda zake,
deni la mabomba niliyomtengenezea miezi mitatu.
Sikupewa pesa, nikapewa kioo.
Nikakisukuma kwa mkokoteni hadi Maweni,
mke wangu akauliza: "Ndicho tutakachokula?"

Wa kwanza mwekundu, alitoka Naivasha
ndani ya kopo la rangi, chini ya kiti cha basi.
Wa pili buluu.
Dama alimnunua Mombasa kwa pesa ya sare ya shule,
na hilo tulilijua baadaye.

Kamba wa maji baridi, wote wawili,
lakini usiseme ni ndugu.
Mwekundu hubeba ugonjwa usiomuumiza mwenyewe;
mwenzake akiupata hamalizi mwezi.
Ukuta wa kioo katikati hautoshi, maji hayana mpaka.
Nikamjengea wa buluu tangi lake, vioo vya dirisha na gundi,
wavu wake, ndoo yake,
nami hunawa mikono nikivuka hatua mbili za sebule.

Nimefunga mabomba ya shaba nusu ya Malindi.
Humu haiingii hata senti ya shaba: kwao ni sumu.
Vipande vya plastiki vya inchi mbili, masalio ya kazi,
ndivyo vyumba vyao.
Maji ya mfereji huyalaza siku mbili, dawa ipae.

Usiku mmoja mwekundu alipanda kwa mpira wa hewa,
akakisukuma kifuniko.
Alfajiri nikamkuta chini ya cherehani,
vumbi mgongoni, magando juu,
ananitisha mimi, mwenye nyumba.
Tangu hapo, jiwe.

Halafu ile Ijumaa Dama alilia.
Kamba kalala ubavu, macho meupe.
Nikatia mkono nimtoe: wepesi wa ganda la njugu.
Kumbe mwenyewe yumo ndani ya bomba, kajivua gamba,
laini kama ute wa yai,
anangoja mwili umkubali.
Tuliliacha gamba pale. Alilila polepole, siku nne,
akairudisha chokaa yake.

Jirani yangu Shebwana husema: waonee huruma,
kawamwage Sabaki, mto mpana ule.
Mpana, ndiyo. Una wenyewe.

Usiku namsikia mke wangu akiamka.
Hawashi taa.
Jiwe linakwaruza kidogo juu ya kioo,
likirudishwa mahali pake.