Kilobaiti Nne

Kompyuta ya shangazi Deolinda haikufa kwa kelele.
Jumatatu aliibonyeza, ikakohoa mara mbili
kama mteja anayejiandaa kuomba punguzo,
kisha ikanyamaza,
na mvua ya Guimarães ikaendelea na yake barabarani.

Ndani yake mlikuwa na miguu.
Miguu elfu tatu mia moja na saba
(hesabu haijakosewa: Bwana Belarmino anao mmoja),
kila mguu na urefu wake, unene wa kifundo,
kidole kilichompanda mwenzake mgongoni,
kisigino cha kuongezwa milimita tisa.
Duka letu hushona viatu vya watu
ambao viatu vya madukani vimewakataa.

"Usijali," nikamwambia. "Kuna akiba."
Mimi ndiye niliyeifunga ile diski ndogo chini ya meza
miaka minane iliyopita, nikiwa chuoni, nikijua kila kitu.
Kila siku saa moja usiku iliwasha taa ya kijani,
ikaandika: imekamilika.
Na shangazi, akifunga duka,
aliigusa kwa ncha ya kidole,
jinsi wengine wanavyogusa maji ya baraka
mlangoni pa kanisa.

Nikaifungua.
Faili moja. Kilobaiti nne.
Nilichokuwa nimekinakili ni alama ya mkato,
ile picha ya folda yenye kimshale pembeni,
si folda.
Usiku elfu mbili na mia tisa
diski ilitunza kwa uaminifu kibao cha njia
kinachoielekeza nyumba.
Nyumba imeteketea. Kibao kingali kinaelekeza.

Wanasema akiba haiozi.
Yangu haikuoza, kweli.
Kioze kipi, na hakikuwahi kuwamo?

Shangazi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Alipanda darini, akashuka na makasha ya kadi za babu,
mwandiko wa penseli, harufu ya gundi na ngozi,
kadi ya mwisho ya mwaka 2016.
Baada ya hapo, weupe.
Akavaa miwani, akashika simu.
"Bi Felismina? Niletee tena miguu yako."
"Kwani ile ya kwanza imepotelea wapi?"
"Kwa mpwa wangu."

Wakaja. Majira yote ya baridi walikuja,
wakavua soksi, wakaona haya, wakacheka,
mimi chini na utepe, magoti sakafuni,
mahali panaponistahili.
Hapo ndipo nilipoona:
mguu wa kushoto wa Felismina ulikuwa umejaa
nusu sentimita nzima.
Tangu lini? Hakuna ajuaye.
Tulikuwa tukimshonea mguu wake wa zamani,
naye, kwa adabu tu,
akikunja vidole asituudhi.

Sisemi hasara ilitufaa.
Wateja arobaini na mmoja hawakurudi,
na wengine wao wamelala tayari makaburini,
vipimo vyao navyo.

Sasa nakala ni tatu.
Moja dukani.
Moja kwenye mashine za watu tusiowajua, kwa ada ya mwezi.
Moja Braga, kwa binamu Graciete,
ndani ya kopo la biskuti, kabatini, chini ya mashuka;
kila Ijumaa huja na kurudi kwa basi
katika mkoba wa shangazi, kando ya mwavuli.
Taa ya kijani nimeibandika plasta.

Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi
shangazi hufumba macho, hutua kidole kwenye orodha,
nami huifufua faili hiyo kutoka kopo la biskuti
na kuisoma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho,
yeye akisikiliza, sindano mdomoni.

Leo: Belarmino Taveira. Mguu wa kulia.
Sentimita ishirini na sita na robo.
Kifundo hukaza asubuhi.
Hataki kamba.

"Endelea," anasema shangazi.