Safu ya H, Kumi na Nne

Waliolijenga waliliita Nishat,
neno la kwao, maana yake furaha.
Sisi wa Guraya ulimi wetu hautui pasipo irabu,
tukalitia mkia, likawa Nishati,
na si uongo, taa za mtaa mzima zilikuwa zikiyumba
kila mashine yake ilipowashwa.

Jumatano alasiri ilikuwa yetu wanawake.
Mama alifunika cherehani kwa kanga kuukuu,
tukatoka na kachiri ndani ya gazeti
na ndimu yetu mkononi, kwa kuwa za mlangoni
Bi Swafiya alizikamua hadi maganda yakaomba radhi.

Mama hakujua Kihindi hata cha kununulia bizari.
Lakini mavyaa wa kwenye picha alipoinua kidole
safu nzima ya H ilimlaani kwa Kimvita,
na mama, ambaye nyumbani hajibu,
alisimama, buibui limemteleza mabegani:
Mwambie! Mwambie sasa!
Nilikuwa na miaka tisa.
Sauti ile sikuwa nimeisikia.
Nimeitafuta sana baadaye, nyumbani, chini ya vitu.

Mwanamume tuliyemkubali humo ni mmoja, Faraji Tochi.
"Mwenye macho haambiwi tazama," akisema,
"ila humu ndani macho ni yangu."
Mwanga wake wa manjano ulitangulia sakafuni
kama kifaranga, nasi nyuma yake,
tukikanyaga maganda ya njugu.

Kisha, ndiyo hayo.
Kanda zikaja, deki zikaja.
Usiku mmoja picha ilikatika katikati ya harusi
na bibi harusi hakuvishwa pete hadi leo.
Likawa ghala la magodoro.
Sikulia. Niseme kweli: hata mimi nilikuwa nimeacha kwenda,
nimenunua televisheni
kwa pesa za kushona nguo za harusi za watu.

Mwezi wa Rajabu wakazungusha mabati ya buluu
na juu yake picha ya litakalokuja:
ghorofa kumi na mbili, mitende ya vyunguni,
watu wembamba wasio na vivuli.
Nikatafuta buibui hata moja.

Walipong'oa paa, jua liliingia
mara ya kwanza, bila tikiti,
likakaa kote, hata balkoni.
Ukuta wa picha ulibaki peke yake siku tatu, mweupe.
Kunguru akipita, aliruka wawili.
Watu wakasimama kutazama,
muuza simu akatoa stuli yake,
na hakuna aliyecheka.

Msimamizi, kijana aitwaye Mutinda,
akaniuliza, "Mama, unataka nini?"
Kiti, nikasema. H, kumi na nne.
Akakitafuta, maskini, akipangusa vumbi kwa kiganja,
akasoma nambari moja moja kama mtoto wa chuoni.
Mia tano. Na mkokoteni mia mbili,
Tononoka nzima ikiniuliza nimekipata wapi.

Nyumbani kikakataa kusimama.
Kumbe havikuundwa kimoja kimoja:
mguu wa kulia wangu, wa kushoto wa jirani,
mkono mmoja, viwiko viwili.
Ukikitenga, kinalala ubavu.
Fundi alitaka kukitilia mguu wa mbao.
Nilimkatalia, nisijue kwa nini.

Kesho yake nilirudi kuchukua kumi na tano.
Mutinda akanyoosha mkono kuelekea barabarani:
lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshaondoka.

Kimeegemea ukuta wa ukumbini, kando ya mtungi.
Mjukuu wangu hukikunja, hukikunjua,
anapenda kinavyolia.
Jumatano, taa zikiyumba kidogo,
mimi nipo mkekani napinda upindo wa mtu,
na miguu yangu, bila kuambiwa,
hujikunja kumpisha aliyechelewa.