Pipa

Kwanza macho, anasema Daktari Nkwimba.
Mikono mifukoni.
Natazama: tumbo limejaa, kitovu kimegeuka nje,
mishipa imejichora juu ya ngozi
kama vijia vya mbuzi kwenye mawe ya Igogo.

Sasa mkono. Nakisugua kiganja kipate joto,
maana tumbo lililokazwa halisemi kitu.
Chini ya mbavu za kushoto. Vuta pumzi, mzee.
Kiwambo kinashuka, kinasukuma,
na ukingo wa bandama unanigonga vidole
kama mtu aliyekuwa kajibanza nyuma ya mlango.

Kisha kupiga. Kidole cha kushoto kilale,
cha kulia kigonge, kifundo kilegee.
Du. Du. Du.
Zote nazisikia moja.
Mtihani wa karatasi nilifaulu. Jasho linanitoka.

"Binti," anasema mzee Magesa, macho darini,
"unabisha hodi kwa watu unaowaogopa.
Mimi nauza mafuta ya taa mwaloni Igombe
tangu wavuvi wa dagaa wanawasha karabai za pampu.
Pipa halifunguliwi ovyo. Nalipiga, kuanzia juu.
Penye hewa linajibu. Penye mafuta linanyamaza.
Achana na kelele. Tafuta panaponyamaza."

Anaushika mkono wangu, anautikisa mpaka unalegea.

Kitovuni: dum. Utumbo unaelea na hewa yake.
Ubavu wa kushoto: dup. Kimya chenye uzito.
Geukia kulia, mzee.
Nasubiri. Napiga palepale,
na ubavu uliokuwa bubu unalia.
Kimya kimehama. Kimetelemkia upande wa godoro.

Ndipo ukurasa niliokuwa nimeukariri ukaniingia:
miaka arobaini ya kusimama ziwani maji magotini,
mayai ya kichocho yamelijaza ini makovu;
damu inafika mlangoni, inakosa njia, inarudi nyuma,
kama Mto Mirongo ulivyoziba taka pale darajani
maji yakajipenyeza hadi kwenye maduka ya watu
bila kuvunja kufuli hata moja.

"Yamefika wapi?" ananiuliza.
Nachora mstari wa kalamu juu ya ngozi yake.
Anainua kichwa, anaukagua
kama anayekagua kipimo cha mwenzake sokoni.

"Nusu na robo," anasema. "Ni sawa.
Nilijipiga mwenyewe usiku.
Nilitaka tu nione kama tutapatana."