Vyungu Viwili Tanurini

Tangu jana usiku maharage yamelala majini,
meupe, mapana, ya Tetovo,
na asubuhi yakaamka yamenenepa
kama watoto wa shangazi tajiri.
Maji ya kwanza nimeyachemsha, nimeyamwaga:
hayo hubeba gesi na maneno ya watu.
Ya pili ndiyo ya kupikia.

Ni siku za mfungo. Nyama haina ruhusa, siagi haina ruhusa,
na Stamen, mume wangu, ambaye kanisani huingia kwa harusi tu,
anafunga kwa sababu bei ya nguruwe imepanda.

Vitunguu vitatu. Sivikatikati hovyo, navinyoa
viwe vyembamba kama visingizio.
Mafuta ya alizeti, moto wa kinyonge,
mpaka vilegee, vikubali yaishe.
Kisha unga wa pilipili nyekundu, sufuria ikiwa imeshaepuliwa,
maana pilipili ikiungua haisamehe.
Pilipili kavu mbili nzima juu. Chumvi.
Vyote ndani ya chungu.

Nje, Kratovo imejifunika gubigubi.
Theluji imepanda ngazi bila kupiga hodi.
Saa kumi umeme ulikatika
na mji mzima ukaguna.

Ndipo mlango ukagongwa.

Dobrinka. Wifi yangu.
Mwaka wa tatu hatusalimiani,
tangu ulipoangushwa mti wa jozi wa baba yao
na kila mmoja akahesabu mbao za mwenzake.
Amekipakata chungu kifuani, amekifunga shali ya sufu
kama mtoto anayekimbizwa hospitali.
"Jiko langu ni la umeme," akasema,
akiliambia jiko langu.
"Hili ni la kuni."

Nikasogeza changu.
Tanuri likameza vyote viwili, bega kwa bega.

Tukakaa.
Kuni za mwaloni zikaongea kwa niaba yetu.
Stamen akaenda kutafuta miwani
aliyokuwa ameivaa.

Harufu ndiyo iliyoanza, si mimi.
"Nanaa umeshatia?"
"Mimi hutia mwishoni."
"Mama alikuwa akitia mwanzoni."
"Mama yako alikuwa akitia na sukari,
na hakumwambia mtu."

Akageuka. Nikajua anaondoka.
"Kijiko kimoja," akasema. "Cha chai."
Akacheka kwa pua, kicheko kile kile cha marehemu,
na kilichokuwa chungu mdomoni miaka yote hiyo
kikawa chungu tu, cha udongo,
kina joto, kinahitaji kugeuzwa.
Tukakigeuza. Tukageuza na cha pili.

Tulipovitoa, juu palikuwa na ngozi ya dhahabu iliyokunjamana,
na kingoni bado panatokota.
Hakukaa kula. Watoto wanamngoja, alisema.
Watoto wake wana ndevu, na mmoja yuko Ljubljana.
Akafunga chungu kwa shali, akashuka ngazi ubavuubavu,
theluji ikimla mpaka magotini.

Stamen alichovya mkate.
"Leo umebadilisha nini?"
"Kula."
Akachovya tena. Nikasogeza mshumaa.

Ukingoni, pengo dogo kama ukucha:
lile la siku ya harusi yake,
nilimwona kwa macho yangu akikigonga kizingitini.
Vilinunuliwa kwa mfinyanzi mmoja, siku moja,
kimoja changu, kimoja chake.
Sasa changu kiko mezani kwake, kule chini,
na sijui kama amekosea,
naye hatasema.

Nikaonja. Nanaa imezama ndani kabisa, imetiwa mwanzoni.
Sukari ipo. Kijiko cha chai, wapi!
Stamen amefuta sahani kwa mkate
kisha akafuta na yangu.

Kesho nitakisugua kwa majivu, nikirudishe.
Chombo cha mtu hakirudi kitupu:
nina jozi kilo mbili za mti ule ule,
mavuno ya mwisho, nilizificha nyuma ya pipa la kabichi.
Miaka mitatu ni mingi, pengine nusu zimevunda.
Tutazipasua, tuone.